Mtandao Umekubali, Kaka

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za mama, ingawa mama hajui kwamba leo nakuandikia. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua kimepona lile vumbi la sponji, na msimamizi wenu wa kiwandani ameacha tabia ya kuwawashia ile taa ya kurudi kazini kabla chai haijapoa. Mimi sijambo. Mama naye hajambo, kwa maana ya kwamba anakula, analala, na bado tunagombana kuhusu chumvi. Mengine nitayaeleza polepole, kwa hiyo tafuta mahali ukae. Usiisome umesimama kwenye foleni ya chakula.

Najua utashangaa kuona karatasi, wakati kila siku tunaandikiana kwa simu. Tatizo la simu ni kwamba nikituma mstari mmoja wewe umeshajibu mitatu, nami naingiwa na woga, nafuta nilichotaka kusema na kukutumia kichekesho. Karatasi haina haraka hiyo. Nimeshachana nyingine kabla ya hii, na hii nimeapa kuifikisha mwisho.

Nianze na kompyuta, kwa sababu yote yalianzia hapo. Pale shule ya udereva ninapoandikisha wanafunzi na kuwapangia siku za kushika usukani, waliponunua mashine mpya mkuu wa shule aliniambia nichukue mojawapo ya zile kuukuu pamoja na skrini yake kubwa. Si kwa wema sana, alitaka kabati lake. Niliibeba skrini ile kifuani njia nzima, watu wakinitazama kama nimeiba, nami nikiwatazama kama nimeshinda bahati nasibu. Furaha yangu ilikuwa na sababu moja. Macho ya mama yalikuwa mabaya kuliko tulivyokuambia. Kwenye simu alikuwa haoni tena ila kivuli kinachotikisika, na humu vyumbani mwetu simu yenyewe haishiki vizuri, picha inakatika vipande vipande. Daktari wa macho alikuwa ameshasema kwamba presha ya macho inakula uwezo wa kuona kutoka pembeni kuja katikati, na kwamba matone yanaichelewesha tu.

Wewe unajua kuliko mtu yeyote kwamba wewe na mama hamna njia nyingine. Wewe husikii, yeye hajui kusoma. Lugha mliyoitunga wenyewe jikoni kabla hujapelekwa shule ya viziwi, ile ambayo mwalimu wenu alisema si lugha bali ni kupunga punga, inataka mikono ya mmoja na macho ya mwingine. Nikawaza: skrini kubwa, mwanga mkali, na hiyo mikono yako mipana, mama atakuona. Atakuona vizuri angalau kwa kipindi, kabla kiza hakijafika katikati. Hilo tu ndilo nililokuwa nalitaka.

Mashine ilikuja tupu, maana leseni ya programu za mwanzo ilikuwa ya shule. Nikaipeleka kwa Fundi Pole, yule mwenye kibanda cha kompyuta karibu na kituo cha mafuta. Jina hilo amelipata kwa sababu huanza kila jibu kwa kukupa pole, kwa hiyo kabla hajamaliza kusema unakuwa umeshajua habari si njema. Akaiwekea mfumo huria, ule unaotolewa bure, uliotengenezwa na watu wa kujitolea kila pembe ya dunia, na ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua na kutazama ulivyo ndani. Nembo yake ni ndege pengwini, basi na sisi tukauita Pengwini. Nilimuuliza kuruhusiwa kutazama ndani kunamsaidia nini mtu asiyeelewa anachokitazama. Akasema pole, utazoea.

Mtandao ulikuwa wa mwenye nyumba wetu wa ghorofa ya chini, yule ambaye wewe na mama mnamtaja kwa kuzungusha ufunguo hewani. Aliwahi kuwa askari magereza, na moyoni hajastaafu. Nilipomwomba tujiunge na waifai yake alikubali papo hapo, bila malipo, akasema mama kuonana na mwanawe si jambo la kutozana. Ila alikuwa na utaratibu wake. Mtandao wake umefungwa kwa kufuli ya kisasa kabisa: kila kinachopita hewani kinafumbwa, na asiye na neno la siri anaambulia takataka. Na neno hilo hamwambii mtu, hata mkewe. Atapanda mwenyewe, ataliandika mwenyewe, na sisi tuliomo chumbani tutageukia ukutani mpaka amalize. Unayajua magoti yake. Alipanda ngazi akihema, akishika ukuta, akafika, akaketi, akaanza kuandika kwa kidole kimoja, na mimi na mama tunautazama ukuta kama watoto waliokosa darasani. Mama alikuwa amevaa gauni lake la kwendea hospitali na kufunga kilemba kipya.

Siku ile ya kwanza hata pa kuandikia hakupata. Pengwini hakuiona kadi ya waifai iliyomo ndani ya mashine. Fundi Pole akaeleza kwamba kadi ya aina ile inahitaji kijiprogramu chake cha kuiamsha, ambacho hakikuja pamoja na mfumo, na kwamba kinapatikana kirahisi tu, mtandaoni. Yaani ili nipate mtandao nilihitaji kwanza kuwa na mtandao. Nilicheka mpaka mwenye nyumba akaniuliza kama nina homa. Fundi akakileta kwenye flashi, kikawa si chenyewe. Akaleta kingine, nacho kikagombana na toleo la mfumo. Kila mara mama alikuwa akivaa lile gauni, na kila mara nilimwambia avue.

Baadaye kadi ikaamka, na orodha ya mitandao ya jirani ikajitokeza kwenye skrini. Nilidhani tumefika. Nikamwita mwenye nyumba, akapanda, tukageukia ukutani, akaandika. Mashine ikafikiri, ikafikiri, kisha ikamwomba neno la siri upya. Akaandika tena, ikaomba tena. Mwishowe ikaleta ujumbe kwamba neno la siri si sahihi. Kaka, ungeuona uso wake. Mtu aliyetunza funguo za milango ya chuma maisha yake yote, anaambiwa na kompyuta ya kupewa kwamba ufunguo wake si wenyewe.

"Kwa hiyo hii mashine yako inaniita mwongo," akasema, akashuka bila kunywa chai.

Tangu hapo nikawa mtu wa ajabu. Mchana pale ofisini, wanafunzi wakingoja kupangiwa magari, mimi nasoma majukwaa ya watumiaji wa Pengwini, nanakili amri kwenye karatasi, jioni narudi nazo nyumbani kuzichapa kwenye lile dirisha jeusi la skrini linalopokea amri. Nilizima kipengele cha kubana umeme. Nilifuta kumbukumbu za mitandao yote. Niliondoa programu inayosimamia waifai nikaweka nyingine, nikairudisha ile ya kwanza. Siku moja nilifuta kitu ambacho mpaka leo sikijui, na mashine ikaacha kuitambua hata kibodi. Nilipouliza kwenye jukwaa, mmoja alinijibu nisome mwongozo, mwingine akaniuliza kwa nini situmii waya. Nikawaeleza kwamba ruta, kile kisanduku kinachorusha mtandao, iko kwenye chumba cha askari magereza. Hawakuniamini. Kulikuwa na mtu aliyewahi kueleza tatizo kama letu neno kwa neno, kadi ileile, ujumbe uleule, na chini kabisa ameandika kwamba amefanikiwa, asanteni sana. Hakusema alifanyaje. Nimemlaani mtu huyo kwa maneno ambayo mama akiyasikia ananinyima chakula.

Ungependa kuniuliza mbona sikumpeleka mama mahali penye mtandao mzuri na skrini kubwa, ofisini kwangu kwa mfano. Nilimwambia. Alikataa. Alisema haongei na mwanawe mbele ya watu wanaojifunza kugeuza gari. Unakumbuka watu walivyokuwa wakiwacheka sokoni mlipokuwa mkipatana bei kwa mikono. Yeye hajasahau hata mmoja wao. Alisema atakuona nyumbani kwake, kwenye kiti chake, na kwamba anaweza kusubiri.

Sasa nifike kwenye huko kusubiri, kwa sababu hapo ndipo tulipokosea, na sidhani kama kuna familia nyingine duniani ingekosea namna hii. Baada ya mwenye nyumba kuondoka kwa hasira, mama aliniambia ameona afanye nini. Macho yake yaliyobaki ni kidogo, kwa hiyo hatayatumia ovyo. Ayamalizie kwa nini kwenye kuchambua mchele na kutazama kuta, wakati mwanawe bado hajatokea? Atayafumba, ayaweke, mpaka kompyuta ikubali. "Akiba haiozi," akasema, kwa sauti ile anayoitumia akishaamua jambo.

Ningemcheka, lakini sikumcheka. Nilikuwa nimechoka, na nikaona afadhali mmoja wetu ana mpango. Nikamshonea kitambaa cheusi chenye mkanda wa mpira, laini kwa ndani. Akawa anakivaa tangu anapoamka, anakivua tu kutia matone ya daktari, na hata hapo anafanya haraka huku dirisha limefungwa pazia ili asipoteze. Alijifunza kutembea chumbani kwa kuhesabu samani kwa mkono. Alipika kwa kunusa. Wageni wakija anawaambia anapumzisha macho, na anawaambia kwa fahari, kwa namna mtu anavyosema ananunua kiwanja. Mimi jioni nachapa amri zangu, yeye nyuma yangu kwenye kiti na kitambaa chake, na mara kwa mara ananiuliza imekubali? Namjibu bado mama. Anasema haya, hakuna haraka, nami kichwa kinaniuma kwa haraka niliyonayo. Nilikuwa natwanga maji kwenye kinu, kaka, na yeye ameketi akingoja unga.

Aliyegundua ugonjwa wa mashine ni Fundi Pole, nampa haki yake. Alikuja mwenyewe siku moja, akakaa na dirisha jeusi asubuhi nzima, akasoma mistari ambayo mfumo huandika kimyakimya kuhusu kila unachofanya. Akasema pole, neno la siri halijawahi kuwa na kosa. Akanieleza kwamba mashine na ruta kabla hazijaanza kuzungumza hukubaliana kwanza aina ya kufuli. Ruta ya mwenye nyumba imewekwa ikubali aina mpya tu. Kadi yetu ni ya zamani, inaijua ile iliyotangulia. Wala haikujua kusema kwamba kufuli hii siifahamu, ikawa inasema tu kwamba ufunguo si sahihi. Dawa ilikuwa ndogo mno: mwenye nyumba aingie kwenye ruta yake, aruhusu kufuli zote mbili, mpya na ya zamani.

Nilishuka ngazi nikikimbia. Nilimkuta anafuta vumbi kwenye ruta kwa brashi ya kunyolea. Nikamweleza, na nilieleza vizuri, maana nilikuwa nimeshakuwa mtaalamu bila kutaka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama ile ya zamani ina udhaifu. Sikuweza kudanganya, nikasema inao, kidogo.

"Sijawahi kulegeza kufuli maishani mwangu," akasema. "Sitaanza uzeeni."

Nilimsihi. Nilimletea Fundi Pole, ambaye alianza kwa kumpa pole na hivyo kuharibu mambo kabla hayajaanza. Tukajaribu kukwepa: Fundi akaagiza kadi ndogo ya kuchomeka pembeni, inayoijua kufuli mpya. Ilichelewa sana, na ilipofika Pengwini hakuitambua hata kidogo, ni kama tumechomeka kipande cha sabuni. Hapo nililia mbele ya fundi. Sikujua kwamba mtu anaweza kulilia kompyuta, lakini si kompyuta niliyokuwa naililia. Wewe ulikuwa unaniandikia kwenye simu, vipi, tayari? Nami nakuandikia karibu, kaka, karibu. Nilikuwa sijui lolote.

Kilichomgeuza mwenye nyumba si hoja zangu. Alipanda mwenyewe siku moja kuangalia bomba linalovuja, akamkuta mama peke yake, amekaa mbele ya skrini iliyozimwa, kitambaa machoni. Alimuuliza anaumwa nini. Mama akamwambia haumwi, anayaweka akiba kwa ajili ya mwanawe, kompyuta ikikubali ndipo atayafumbua. Mama ndiye aliyenihadithia. Anasema mzee alisimama pale mlangoni, kisha yeye mama akasikia miguu yake ikishuka ngazi moja moja, na bomba hakulitazama. Nilipotoka kazini nilimkuta anasubiri chini ya ngazi. Akaniambia ameiruhusu na kufuli ya zamani, nikajaribu. Na neno la siri akanitajia kwa mdomo wake, mkewe akiwa anasikia.

Mashine ikakubali. Mara moja tu, kaka, bila mbwembwe. Alama ya waifai ikajaa pembeni, na mimi nikaitazama kwa muda nikidhani itatoweka. Haikutoweka. Nikakuandikia kwenye simu, ukajibu uko tayari, umetoka zamu. Nikamwambia mama imekubali. Akainuka, akaenda kuvaa gauni, akafunga kilemba, akarudi kukaa. Mlio wa kukuita ukaanza. Akavua kitambaa.

Sasa kaka, haya ndiyo niliyokuitia ukae.

Mama alifumbua macho yake mbele ya ile skrini, na mwanga ukampiga usoni mzima, mweupe. Akaniambia, "Washa." Nikamwambia, mama, imewaka. Akageuza kichwa kidogo kulia, kidogo kushoto, akanyoosha mkono akaigusa skrini kwa vidole, akahisi joto lake. Niliona amejua kabla sijajua mimi. Hakulia wala hakupiga kelele. Mlio ulikuwa bado unaita, nami nilitaka kuukata, akanishika mkono.

"Usimwambie," akasema. "Kaa pembeni, asikuone. Uwe unanitajia anachosema."

Ndivyo tulivyofanya. Siku ile uliyofurahi kiasi kile, ukaniandikia baadaye kwamba ni siku yako nzuri kuliko zote tangu uondoke, mama hakukuona. Hakuona hata mwanga wako. Mimi nilikaa kwenye kigoda, nje ya jicho la kamera, nikiitazama mikono yako na kuitamka kwa sauti, neno kwa neno, naye akikujibu kwa mikono yake. Ulipomuuliza mbona midomo yake inatikisika, alikwambia ananiagiza chai. Ulipouliza mimi niko wapi, alisema nailinda mashine isikatike. Alikwambia umenenepa, kwa sababu mama wote husema hivyo. Nilisema kwa sauti kubwa, chumba kizima kikisikia, kwa sababu nilijua wewe hutasikia. Nimetumia uziwi wako kukudanganya. Katika yote niliyowahi kukufanyia tangu utotoni, hili ndilo linalonitia aibu mpaka nashindwa kukutazama hata kwenye picha.

Kesho yake nilimpeleka kwa daktari. Akampima, akanitoa nje ya chumba, akaniambia yamekwisha yote mawili. Nikamweleza habari ya kitambaa. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alisema macho hayatunziki kwa kutotumika, ugonjwa unakula tu, yakiwa wazi au yamefumbwa. Ila mtu anayeyatumia huona yanavyopungua, akarudi hospitali mapema, na pengine dawa ingebadilishwa, pengine kitu kingebaki. Pengine, alisema. Mama aliyafumba, basi hakuna aliyeyaona yakiondoka. Nilimuuliza sasa nifanye nini, akasema nimsaidie asianguke.

Mama hanilaumu. Anasema hata angeyaacha wazi yangemalizikia kwenye mchele. Kinachomsumbua ni kingine, na ndicho kilichonifanya nichukue kalamu. Unakumbuka katikati ya mazungumzo uliacha mikono ikatulia? Ulishaeleza habari za zamu, ukaeleza kwamba unakusanya siku zako za likizo mwaka mzima ili mwisho wa mwaka uje ukae nasi kwa muda mrefu, naye akakwambia hakuna haraka. Halafu ukanyamaza. Ukaweka mikono mapajani ukawa unamtazama tu. Mama alisubiri mikono yake ikiwa hewani. Akaniuliza anasema nini, nikamwambia hasemi kitu. Akauliza tena. Hasemi kitu mama, anakutazama. Basi nyote wawili mkawa mmenyamaza, mimi katikati.

Tangu siku ile ananiuliza habari ya ukimya huo. Si maneno yako anayoyataka, hayo ninayo yote na nimemrudia mara nyingi. Anauliza uso ulikuwaje. Anasema wewe nusu ya maneno yako yamo kwenye nyusi, na kwamba ukinyamaza ndipo unaposema sana. Nilimwambia ulikuwa umevaa shati la bluu. Nilimwambia umefuga ndevu kidogo. Akasema si hivyo, uso, uso ulikuwaje? Nikajaribu, kaka, naapa nilijaribu. Nikasema kama mtu anayetaka kucheka, nikasema hapana, kama mtu aliyechoka. Mama akaanza kulia pale, kwa mara ya kwanza tangu yote haya. Aliona kwamba mimi sijui kukusoma, na kwamba kuanzia sasa atakuwa anakupata kupitia kwangu.

Anajifunza kushika mikono ya mtu na kusikiliza ishara kwa viganja. Tunafanya mazoezi kwa mikono yangu, anafahamu karibu kila kitu. Lakini uso wangu akiugusa anaondoa vidole haraka, kwa sababu si huo anaoutafuta.

Kwa hiyo usikusanye likizo tena. Chukua zilizopo, hata zikiwa chache, hata msimamizi akinuna. Najua mama alikwambia hakuna haraka, na atakapojua nimekuandikia hatasema nami siku kadhaa. Nitavumilia. Mtandao umekubali, kaka, mashine inajiunga yenyewe kila asubuhi bila hata kuombwa, na mwenye nyumba hupanda kuuliza kama mtandao uko sawa. Ila tafadhali usipige. Njoo ukae mbele yake, uchukue mikono yake uiweke usoni kwako, kisha unyamaze kama ulivyonyamaza siku ile.

Nisalimie wenzako wa chumbani, na yule anayekusaidia kusikia king'ora mwambie tunamshukuru. Fundi Pole anakusalimu na kukupa pole, na safari hii nimempokelea. Ukipata tiketi niandikie siku tu, nitakuja kukupokea mimi peke yangu, ili tuongee njiani kabla hujamwona.

Nakungoja.

Mdogo wako akupendaye